Zambarau Isiyofutika

Mama mwenzangu, kabla sijakusimulia lolote, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kwa maji safi, umfute mwanao ulimi na fizi. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, mshukuru Mungu uendelee na shughuli zako. Lakini ulimi ukiwa wa zambarau na kitambaa kikabaki cheupe, funga mzigo uende hospitali, na mtu akikuambia subiri, usimsikilize. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililijua kwa ugomvi.

Jina langu Mwanaidi, ni Mrangi wa Kondoa niliyeolewa Karatu. Hapa mjini wananijua kwa jambo moja: siamini. Chumvi naionja kabla ya kuinunua. Maziwa yakiletwa nayatazama chini ya kibuyu kwanza, hata kama muuzaji ametoka kuswali. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa akiwaambia watu kwamba malaika wakija kunichukua nitawauliza nani kawatuma. Naye hakuwa nyuma. Alikuwa akihesabu vijiko baada ya wageni kuondoka, na mimi alinihesabu mgeni. Tuliishi nyumba moja kama paka wawili kwenye dirisha moja.

Mwanangu Selemani alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa Uhuru, wakati wa zile mvua kubwa, barabara ya Karatu imekuwa uji mwekundu na malori yamekwama huko chini Mto wa Mbu. Mume wangu Juma hakuwepo. Alikuwa akipeleka blanketi, chumvi, tumbaku na majani ya chai Endulen, ng'ambo ya Ngorongoro, kwa wafugaji wa Kimaasai, na mvua ilimfungia hukohuko. Mkunga wangu alikuwa Bi Zuhura. Mimba mbili za kwanza ziliniharibikia, kwa hiyo mtoto alipolia nililia naye. Nilimtazama vidole, masikio, kila kitu. Nikamuuliza mama mkwe, "Mbona kucha zake si nyekundu?"

"Katoka kwenye maji, baridi hii, ulitaka ziwe na hina?" akanijibu.

Jibu lile sikulisahau.

Tukaingia arobaini, mimi na mtoto chumbani, na jiko la mkaa, na uji wa pilipili manga. Kila asubuhi Bi Zuhura alimpaka wanja kwenye nyusi ili kumkinga na macho ya watu. Kabla arobaini haijaisha mtoto akaota utando mweupe mdomoni. Dresa, yule msaidizi wa zahanati anayefunga vidonda na kuchoma sindano, akatupa kichupa cha dawa ya zambarau, ile inayochafua kila kitu. Nilimpaka ulimi, fizi, mashavu kwa ndani. Ziwa langu likawa zambarau, kanga zambarau, kidole zambarau. Jirani yetu Mama Paskali, Mmbulu aliyekuwa akituletea maziwa, alicheka sana. "Huyu wamempa zambarau za kuokota, au?" Nasi tukacheka.

Utando uliondoka ukarudi, ukaondoka tena. Tukapaka, tukaacha, tukapaka. Ndiyo maana nasema ile dawa ilitupumbaza, maana hakuna aliyewahi kuuona mdomo wa mtoto yule ukiwa mtupu.

Mengine niliyaona. Alikuwa akivuta ziwa mara mbili tatu, anaachia, anahema kama kifaranga aliyekimbizwa na mwewe, kisha anavuta tena. Akinyonya, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na Karatu ya masika unaijua, maji ya ndoo yanauma meno. Bi Zuhura akasema namfunika mno. Nikamfunua. Jasho palepale. Akalala njaa, akaamka njaa. Mtoto wa Mama Paskali, aliyezaliwa kwenye mvua zilezile, alikuwa sasa ana mikunjo ya mafuta shingoni. Wangu shingo ilikuwa kama shina la mboga.

Masika ilipokwisha nikaona utando umepona kabisa. Nikakifunga kile kichupa kwenye sanduku langu la bati, kufuli nikatia, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Siku zikapita. Mtoto akapiga mwayo mbele yangu: ulimi zambarau! Fizi zambarau! Nikafungua sanduku. Kichupa kipo, kimeganda mdomoni, hakijaguswa.

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri mtu mmoja tu. Nani mwingine alikuwa akibaki na mtoto nikienda kisimani? Nikaanza kumvizia. Naondoka na ndoo, nageuka, nachungulia dirishani. Namkuta amempakata anamwimbia. Nikasema moyoni, hodari huyu, ana masikio ya sungura. Nikapekua chini ya kitanda chake, nikakuta mizizi ya dawa ya mchango, maumivu ya tumbo la watoto, imefungwa kwenye kitambaa. Nikaitia jikoni ikaungua. Hakuuliza iko wapi, nami hilo likanizidishia shaka.

Kumbe naye ana lake. Nililipata kwa Mama Paskali, akinong'ona huku anamimina maziwa. "Mama mkwe wako anasema mtoto amebemendwa."

Unajua maana yake. Mtoto akikonda na kudhoofu ziwani, watu husema wazazi hawakungoja, wamekutana kabla ya wakati na kumharibu mtoto. Na Juma wangu alikuwa Endulen miezi ile yote. Basi mama mkwe anaposema nimebemenda, anasema nimebemenda na nani? Hakulisema hilo. Aliwaachia watu wamalizie wenyewe.

Kuanzia hapo nikajua mambo mawili yako hatarini, na yamefungwa pamoja: uhai wa mwanangu, na jina langu. Akifa Selemani, nitarudishwa Kondoa na maneno yatatangulia kufika.

Kipupwe chote kilikuwa cha sindano. Dresa alisema kifua. Kila asubuhi nambeba mtoto kwenye ukungu, tunakaa kwenye benchi la zahanati na wenye vikohozi, naitwa, anachomwa paja, analia. Na kilio ndicho kilichokuwa kikinitisha. Akilia sana anabadilika. Midomo inaiva, uso unaingia giza, macho yanapanda juu, kisha analegea kama nguo iliyolowa. Halafu anarudi, amechoka, analala. Wengine walisema degedege. Lakini nilishaona degedege kwa mdogo wangu, mwili ulikuwa moto na mikono inagonga. Huyu alikuwa wa baridi.

Juma aliporudi kutoka safari, nilimwona mama yake amemwita uani wakaongea kwa sauti ya chini. Alipoingia ndani hakunitazama machoni. Akaniuliza, "Mwanaidi, mtoto ana nini?"

"Kamuulize mama yako anampaka nini."

"Nani?"

"Mama yako. Anampaka dawa mdomoni ili ionekane mimi nimemharibu."

"Una wazimu wewe."

"Haya. Kesho utaona nani ana wazimu."

Kesho yake mchana, jua limetoka, nikatandika mkeka barazani. Nikamwita Mama Paskali awe shahidi. Nikamwita Juma, nikamwita na mama yake. Nikaleta bakuli la maji safi na kipande cha bafta nyeupe, mpya, nilichokikata mwenyewe. Nikasema, "Dawa ya zambarau ikigusa kitambaa inashika. Dawa yangu imo kwenye sanduku tangu masika. Leo kitambaa kitamtaja aliyempaka."

Bi Zuhura akakunja mikono. "Futa," akasema.

Nikamfungua Selemani mdomo nikamfuta ulimi. Nikafuta fizi za juu, nikafuta za chini. Nikasugua, Mungu anisamehe, nikasugua mpaka akalia. Kisha nikakiinua kitambaa juu ili wote wakione.

Kilikuwa cheupe.

Nikakigeuza upande wa pili. Cheupe. Na ulimi wa mtoto palepale ulikuwa zambarau kuliko mwanzo, kwa sababu alikuwa akilia. Mama Paskali akaziba mdomo kwa kiganja.

Bi Zuhura akaninyang'anya kile kitambaa, akakinusa, akakitazama kwenye jua. Nilidhani atanitukana. Badala yake akashika mkono wa mtoto, akanyoosha vidole vyake, akatazama kucha moja moja. Zilikuwa na rangi ileile ya siku aliyozaliwa. Sauti ikamtoka ndogo. "Na hizi? Hizi nazo nimezipaka mimi? Mwanaidi, hii rangi inatoka ndani."

Nilimwogopa Mungu siku ile. Ingekuwa amempaka ningefurahi, kwa maana mtu ukimkamata ameacha. Cha ndani unakikamataje?

Mama Paskali ndiye aliyetukumbusha kwamba kuna daktari wa misheni, Mzungu, anayefika Endulen kwa gari na kutibu watu. Juma alikuwa na lori la kumpeleka huko kesho kutwa na bidhaa. Nikasema tunakwenda. Bi Zuhura akasema naye anakwenda. Nilijua anachofuata. Alitaka kulisikia kwa masikio yake neno la daktari, kwamba mtoto amebemendwa.

Tukapanda. Ukishapita lango la hifadhi, barabara inapinda msituni, miti ina ndevu, na baridi inaingia kwenye mifupa. Juu kwenye ukingo wa Ngorongoro ukungu ulitufunika hata dereva akawa anatoa kichwa nje kutafuta njia. Wageni huja kutoka mbali kulitazama lile shimo na wanyama wake. Mimi nimelipita nikiwa nimeinamia blanketi, sikuona hata nyumbu.

Hapohapo juu mtoto akabadilika. Hakulia sana, aligumia tu, kisha rangi ikapanda midomoni, ikaenea usoni, pumzi zikawa fupi mno. Akalegea. Nikaanza kupiga kelele, "Simamisha! Simamisha!"

Bi Zuhura akamvuta kutoka mikononi mwangu. Akamlaza mapajani, akashika magoti yake yote mawili, akayakunja mpaka yakagusa kifua, akayabana. Nikaona anamkunja mwanangu kama nguo ya kutia sandukuni! Nikamrukia. Nilimshika ushungi nikauvuta, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Juma akanibana ubavuni mwa lori.

"Muache mama! Muache!"

"Anamuua! Huoni anamuua?"

"Ni mchango," Bi Zuhura alikuwa akisema, hata hakunitazama, kichwa wazi, ushungi mkononi mwangu. "Ni upepo wa tumbo, utatoka, utatoka, baba, utatoka."

Halikuwa tumbo. Lakini mtoto akavuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine. Ile rangi nyeusi ikaanza kushuka usoni kidogo kidogo, mpaka akafungua macho akamtazama bibi yake. Bi Zuhura hakuyaachia magoti mpaka tulipoteremka Endulen. Mimi nilikaa na ule ushungi, sikujua niufanye nini. Baadaye nikamfunika nao kichwa, maana baridi ilikuwa kali.

Endulen tulingoja nje kwenye majani, pamoja na kina mama wa Kimaasai na watoto wao, shanga zinalia na harufu ya maziwa na moshi. Mmoja alikuja akamchungulia Selemani, akamtemea mate kidogo kwenye paji. Nikayafuta haraka kwa kanga.

"Anambariki," Juma akaniambia.

"Abariki wa kwake."

Yule mama akacheka, akaniachia nafasi mbele yake kwenye foleni, ingawa alitangulia kufika. Hilo nalo nililitilia shaka wakati ule. Leo namwombea dua.

Sista aliyekuwa akitafsiri alikuwa Mmbulu, kijana, mwenye sauti ya upole. Akaanza kuniuliza. Mtoto akinyonya anapumzika katikati? Anatoka jasho kwenye paji? Akilia anakuwa buluu? Ameongezeka mwili? Kila swali lilikuwa kama la mtu aliyelala chumbani kwangu. Nikasimama.

"Nani kakuambia mambo ya nyumbani kwangu?"

"Hakuna, mama."

"Ni huyu hapa?" Nikamwonyesha Bi Zuhura.

"Mama, watoto wa namna hii wote wako hivyo. Si wako peke yake."

Nikakaa. Hujui neno lile lilivyonishika. Miezi yote ile nilidhani ugonjwa ule una jina la mtu wa nyumbani kwangu. Kumbe kuna watoto wengine, na mama zao, na wanaulizwa maswali yaleyale.

Daktari akamsikiliza Selemani kifuani, mbele, mgongoni, akarudi mbele. Alifumba macho. Nilimtazama nikifikiri, huyu analala. Kisha akasema, na sista akatafsiri, kwamba moyo wa mtoto uliumbika vibaya tangu tumboni. Kuna tundu pasipotakiwa, na njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba.

"Ameliona tundu?" nikauliza.

"Amelisikia."

"Tundu linasikika?"

Sista akaona haya, lakini akatafsiri. Daktari hakukasirika. Alinitia vile vipira masikioni, akanishikisha kile kiduara kwenye kifua cha mwanangu. Nikasikia. Hapakuwa na du-du ninayoijua nikimlaza kifuani kwangu. Palikuwa na mvumo, fuuu, fuuu, kama upepo unaopita kwenye mlango usiofunga vizuri. Nikamwita Bi Zuhura naye asikilize. Alisikiliza muda mrefu kuliko daktari.

Halafu nikauliza nilichokuja nacho. "Muulize kama mama anaweza kulifanya tundu hilo kwa kutongoja."

Sista aliinamisha kichwa, akatafuta maneno, akayasema. Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akajibu kwamba hakuna alilofanya mama, wala baba, wala bibi. Akauliza pia nani aliyemkunja magoti njiani, kwa kuwa Juma alikuwa amesimulia, akasema afanyiwe hivyo kila akibadilika.

Tulipotoka nje nikamgeukia mama mkwe. "Umesikia?"

"Nimesikia. Huyo daktari lakini hakuwepo Karatu miezi ile," akasema. Kisha akampokea mtoto. Habari ya kubemenda hakuitaja tena, si kwangu wala kwa jirani.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Daktari alisema lazima akue kwanza, na kwamba huko Nairobi wapo wanaofungua vifua. Tulingoja masika kwa masika. Nilijifunza kumnyonyesha kidogo kidogo, kutomwacha alie mpaka mwisho, kutomweka karibu na moshi. Alipoanza kutembea alikuwa akienda hatua chache kisha anachuchumaa, magoti kifuani, anahema, ananyanyuka tena. Watoto walimcheka wakidhani anajisaidia. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake uliukumbuka mkunjo wa bibi yake. Ukimwona mtoto anachuchumaa hivyo katikati ya mchezo, usimgombeze kwamba ni mvivu.

Juma na mimi tuligombana miaka ile, tena sana. Yeye alitaka mtoto mwingine, mimi niliogopa. Alikuwa akisema namtazama Selemani kama askari anavyomtazama mfungwa. Ni kweli. Nilikuwa nikimtazama kucha kabla sijamwamkia.

Alikuwa anakaribia umri wa kuanza shule misheni ilipotuletea habari kwamba Nairobi watampokea. Nilikwenda naye peke yangu, Juma alibaki na biashara yake. Bi Zuhura magoti hayakumruhusu kusafiri. Alimfunga hirizi mkononi, akaniambia, "Usiwaachie wamchukue mpaka umewatazama machoni."

Niliwatazama. Daktari wa upasuaji nilimuuliza wangapi amewapasua na wangapi walitoka wakitembea. Akaniambia bila kuficha. Jibu lake sikulipenda, ila nilipenda kwamba hakunificha, nikabonyeza kidole gumba kwenye karatasi yao ya ruhusa. Hirizi waliniomba niivue. Niliishika mkononi kwenye ile korido yenye harufu ya dawa, wauguzi wanapita na viatu visivyolia. Nilimchukia kila aliyecheka.

Waliponiruhusu kumwona, alikuwa amelala ubavu, bendeji chini ya kwapa, amekuwa mdogo kuliko nilivyomleta. Nikatazama mdomo. Ulikuwa mwekundu. Mwekundu kama wa mtoto wa Mama Paskali. Nesi akaniambia hawakulitengeneza lote, wamefungua njia tu, atachoka mapema kuliko wenzake na atarudi tena hospitalini. Sawa. Mimi nilikuwa nikitazama mdomo.

Tulirudi Karatu kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Bi Zuhura alikuwa amekaa barazani, palepale nilipotandika ule mkeka. Selemani akashuka kwenye gari akamkimbilia. Akakimbia mpaka mwisho, hakuchuchumaa. Akasimama mbele yake akacheka, mdomo wazi.

Bi Zuhura hakumkumbatia. Akamshika kidevu, akamtazama fizi, akanitazama mimi kwa jicho ninalolijua.

"Umempaka nini?"

"Sijampaka kitu, mama."

Akalowesha pindo la kanga yake kwa mate, akamfuta mtoto midomo. Akatazama pindo. Akafuta tena, kwa nguvu, akatazama tena. Machozi yanamdondokea mtoto kichwani, na bado anafuta.

"Haitoki," akasema.

"Haitoki, mama."

Juma alianza kucheka. Nikamwambia anyamaze. Mimi sikumcheka mama mkwe wangu hata kidogo, maana kule wodini Nairobi, nesi alipotupa kisogo, nami nilikuwa nimemfuta.